Mizani ni Lini?

Nakumbuka Jumatano moja nikiwa kwa Susu wangu, ndiye nyanya yangu, kule Kanyangi. Paja la kuku mkono wa kulia, kikombe cha uji mkono wa kushoto, na ndani ya kichwa sauti ya kochi ikiniuliza, "Kyalo, unakula nini sahi?" Kochi mwenyewe alikuwa Kiboko, mbali kabisa, kando ya barabara ya Mombasa. Lakini mwanangu, kuna sauti zingine hazihitaji simu.

Nakuita mwanangu na pengine wewe unanizidi umri. Vumilia. Mimi niko na miaka ishirini na sita, sina bibi, sina mtoto, niko na mbuzi tu na wanakaa kwa Susu. Lakini kwa hii kazi yetu, mtu wa miaka ishirini na sita ni mzee wa kijiji. Angalia masikio yangu vile yamejikunja kama maandazi ya jana. Hizo ndizo mvi zangu, ni vile tu zimeota mahali pabaya. Kwa hivyo kaa hapo nikupe nasaha. Shule niliishia darasa la nane, sitakusumbua na maneno makubwa. Yenyewe sina.

Kazi yangu ni kupigana. Wenzangu wengine ni mabondia, wengine ni watu wa karate, sisi tunachukua ngumi, mateke na mieleka tunapakua kwa sahani moja. Mnafungiwa wawili ndani ya keji, kizimba cha waya kama kile cha kuku wa kuuza, na refa katikati. Kutoka nje inakaa fujo. Ukiwa ndani, mwanangu, ni hesabu tupu, na ni tamu mpaka unasahau jina lako.

Lakini kabla ya keji kuna mizani. Kila mpiganaji ako na uzito wake, na siku moja kabla ya pambano mnapimwa mbele ya watu. Wangu ni kilo sitini na moja. Ukizidi, pambano linaweza kufutwa, mwenzako anarudi kwao na wewe unarudi kwenu, na mabango yenye sura yako yanabaki ukutani yakikucheka. Mizani haijui wewe ni mtoto wa nani.

Sasa hiyo wiki haikuwa wiki ya kawaida. Nilikuwa nimepigana Nairobi, nimepigana Mombasa, nimepigana mahali pengine hata sikuelewa wanaongea lugha gani. Nyumbani sijawahi. Ukambani keji walikuwa wanaisikia tu kwa simu. Halafu promota mmoja akaamua italetwa Wote, Jumamosi, kwa ukumbi karibu na soko, na pambano kubwa ni langu. Kila mti wa stima kutoka Kathonzweni mpaka Wote ulikuwa na picha yangu nimekunja ngumi, chini imeandikwa "Jogoo wa Kanyangi". Watu walionifukuza kwa mashamba yao nikiiba maembe walikuwa wanasema ati wao ndio walinilea. Ningefeli mahali pengine popote duniani, lakini si hapo.

Jumatatu nilikuwa na kilo mbili tu za kutoa. Kilo mbili ni jasho la asubuhi mbili. Nikamwambia Kochi Mutinda naenda Kanyangi mara moja, Susu aniombee, nirudi. Kochi ni mtu wa maneno machache, zamani alikuwa fundi wa malori, na jimu yake bado iko nyuma ya gereji. Aliniangalia kama mtu anaangalia tairi iliyoisha. "Salimia nyanya," akasema. "Lakini usisalimie sufuria."

Nikaapa. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakusema chochote juu ya kuku wa kienyeji.

Kwanza uelewe mahali mimi nimetoka. Huku kwetu hupiti boma ya mtu na mdomo mkavu. Ukikataa chakula, mwenye nyumba anajiuliza kama unamwonea kinyaa, ama unashuku ameweka kitu ndani. Halafu mimi nimepewa jina la marehemu babu, kwa hivyo Susu hunishikia heshima ya mzee wake na kuniita mume wangu. Sasa mume ataingia aje kwa nyumba yake akatae chakula ya bibi yake?

Nilifika nikapata jogoo ameshachinjwa. Jogoo wa Susu amekufa kwa ajili ya Jogoo wa Kanyangi. Nilitaka kusema kitu, mdomo ukafunguka, na kabla neno litoke mchuzi ukaingia. Susu alikuwa akifikiria kama mtu yeyote mwenye akili: mjukuu anaenda kupigana, na wa kupigana lazima ashibe. Akaniuliza kama niongezwe, nikasema niongezwe. Akaniuliza kama hii muthokoi imeiva, nikathibitisha mara mbili, kwa sahani. Na muthokoi si chakula ya mchezo, mwanangu. Ni mahindi yametwangwa maganda yakatoka, yakapikwa na maharagwe mpaka yakakubaliana. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilikuwa tumbo langu.

Jioni waumini wa kanisa la Susu wakaja kuniombea. Maombi ya huku hayafungwi bila chai, na chai haitembei peke yake. Kila mama alikuja na sahani imefunikwa, na kila mmoja alisimama karibu na mimi aone kama ya kwake nimegusa. Nikagusa zote. Nilikuwa naogopa aibu, unaelewa? Mtu anayesimama mbele ya ngumi za watu bila kupepesa macho alikuwa anaogopa akina mama wenye chapati.

Alhamisi asubuhi nikaenda sokoni, kwa duka la mnunuzi wa ndengu, nikapanda mizani yake ya magunia. Sitini na sita. Nikashuka, nikapanda tena polepole, kama mtu anaingia nyumba na wenyewe wamelala. Sitini na sita. Nikaanza kufurahi kidogo, nikijiambia mizani za sokoni zinajulikana, hizi huongopa. Halafu nikakumbuka zinaongopa upande gani. Mizani ya mnunuzi humpunguzia mkulima. Kama hii ilikuwa inasema sitini na sita, ukweli ulikuwa umekaa huko juu zaidi ukiningoja.

Nikampigia kochi simu. Nilisikia pumzi ndefu, halafu spana ikianguka.

"Kuja Wote," akasema. "Unakuja ukikimbia, umevaa nguo zote za ukoo wenu. Ukisikia kizunguzungu unaketi chini, na mimi nawaambia hakuna pambano. Pambano litarudi. Figo hazirudi."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya jikoni nikiongea, na Susu alikuwa ndani akipuliza moto. Masikio yake si kama yangu, yanafanya kazi. Akatoka na mwiko mkononi akauliza kilo ni za nini. Hapo sikuwa na pahali pa kukimbilia. Nikamwelezea mizani yote, mwanzo mpaka mwisho, na Ijumaa ndiyo kesho.

Akashusha mwiko, mwanangu. Susu akishusha mwiko hata kuku wanaangalia juu.

"Kwa hivyo jana ulikuwa unakula ukijua?"

"Niliogopa kukukosea, Susu."

"Sasa umenikosea mara mbili. Umekula chakula yangu bila raha, na umenifanya adui yako na sijui." Akaangalia mikono yake. "Hii mikono imekulea. Jana ukaiacha ikuangushe, na ukasema asante."

Nikaangalia vidole vya miguu yangu. Mimi, ambaye hata refa hujua sishushi macho.

"Mume wangu," akasema, na sauti ikashuka, "mtu husema njaa yake kwao. Ungeniambia, ningekaa njaa na wewe. Kwani ni kitu ngeni? Tumekaa njaa na huyu babu yako miaka ya kiangazi, na hakuna mtu alitupima."

Akarudi jikoni. Nikasikia chai yake ya asubuhi ikimwagwa jivuni, shhh. Akatoka amejifunga leso kiunoni, ile ya safari. Akasema na yeye hataweka kitu mdomoni mpaka nishuke kwa hiyo mizani. Nikamwambia Susu, wewe ni mzee, tafadhali. Akaniambia nani aliniuliza.

Ile safari wangeiweka kwa simu ningekuwa tajiri. Mbele ni pikipiki, Susu amekaa nyuma ya dereva amenyooka kama chifu. Nyuma ya pikipiki ni mimi, nimevaa sweta mbili, jaketi ya babu, na juu ya yote mfuko wa mbolea nimetoboa mashimo ya mikono. Jua la kwetu unalijua, halina huruma na halichelewi kazini. Nilikimbia mpaka karibu na mto Athi, nikapanda pikipiki kuvuka na kupumzika, nikashuka tena kwa mlima. Jasho lilikuwa linatoka mpaka mahali sikujua jasho hutoka.

Na kumbuka sura yangu iko kwa kila mti. Kila kituo watu wanatoka mbio, Jogoo, Jogoo, huyu ameshika embe, huyu chupa ya soda, mama mmoja amebeba mtungi mzima wa maziwa. Zamani ningepokea zote. Lakini sasa nilikuwa na ukuta mbele yangu umevaa leso. Susu alikuwa anainua mkono kabla hawajafika.

"Ameshakula jana," aliwaambia. "Alikula mpaka ya kesho kutwa. Leo kazi yake ni kutokula. Mtuombee."

Na unajua nini kilinishangaza? Hakuna mtu alikasirika. Hata mmoja. Yule mama wa maziwa alitua mtungi, akauliza ni mpaka lini, akaambiwa kesho asubuhi, akasema basi Mungu akutie nguvu, na akaanza kukimbia kando yangu kidogo na viatu mkononi, akipiga vigelegele. Nilikuwa nimebeba hiyo hofu tangu Jumatano kama gunia la mchanga, kumbe gunia lenyewe lilikuwa na pumba ndani. Nilicheka nikikimbia. Kochi husema kucheka ukikimbia ni kupoteza pumzi, lakini kochi hakuwako.

Ijumaa asubuhi ukumbi wa Wote ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Nilikuwa nimelala mdomo umekauka kama mto wa Agosti. Daktari wa shindano aliniangalia macho, akanishika mshipa, akauliza maswali, akasema niko sawa lakini nisijaribu kukimbia tena hata hatua moja.

Mpinzani wangu alikuwa Twalib, kijana wa Kitui mjini, familia yao ni Waislamu wa pale tangu zamani. Mpole sana nje ya keji. Alikuja kumsalimia Susu, akainama, "Shikamoo, bibi." Susu hiyo salamu hana jibu lake, akamwambia, "Mzuri sana, na wewe?" Kisha akanigeukia akaniambia kwa Kikamba huyu kijana amelelewa vizuri, nisimpige sana. Twalib alipanda mizani, akapita, watu wakapiga makofi.

Nikapanda mimi, taulo limeshikwa mbele, nguo zote chini. Kochi alisimama nyuma yangu, na nilisikia ameacha kupumua.

Nilizidi. Kidogo tu, mwanangu, gramu mia moja. Uzito wa kipande cha sabuni. Pengine uzito wa ile chapati ya mwisho, ambayo nakiri mbele yako sikuwa hata naitaka.

Sheria inakupa saa moja. Usipotoa hizo gramu kwa saa moja, kwisha. Na mimi sikuwa na jasho tena, maji yalikuwa yameisha, na kukimbia nimekatazwa. Niliona picha yangu ukutani nikaona aibu kuiangalia.

Susu akafikiri labda kilichobaki ni baraka. Yeye ni mtu wa kanisa, haruki Jumapili, lakini baraka ya wazee wetu huja na mate, anakutemea kidogo kifuani na kukutamkia mema. Akanisogelea, akakusanya mdomo. Kochi akaruka katikati kama refa.

"Mama, hapana. Hiyo pia ni uzito."

Watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Lakini kochi hakucheka. Alikuwa ameangalia mdomo wa Susu kama mtu ameona spana iliyopotea. Akanipatia mkebe mtupu wa kahawa akaniambia nikae chini niteme. Mate, ni hayo tu yamebaki ya kutoka. Nikajaribu. Mdomo mkavu, mwanangu, utatema nini? Kochi akaniletea kipande cha ukwaju nilambe, nikatema kidogo, mate yakaisha.

Hapo Susu akavuta kiti cha plastiki, akakaa mbele yangu, magoti yake karibu yaguse yangu. Akaanza kunipikia.

Hakuwa na kitu mkononi. Alipika kwa mdomo. Alianza na yule jogoo. Akaniambia vile alimnyonyoa, vile alimchoma manyoya madogo kwa moto mpaka ngozi ikanukia. Akamkatakata. Akaweka kitunguu kwa mafuta, akangoja kibadilike rangi, hakuharakisha. Nikatema. Akaingiza nyama, akafunika. Akafungua kidogo nisikie harufu. Nikatema. Akahamia muthokoi, akaiwekea majani ya kunde na samli, akachochea, akaonja, akaongeza chumvi. Akanisimulia asali ya nyuki wa babu, ile ya kwenye mzinga, unaivunja na masega yake. Nilikuwa natema kama bomba limepasuka. Watu waliokuwa karibu walikuwa wanameza mate wao. Kijana mmoja aliomba ruhusa akaenda hotelini.

Na yeye mwenyewe, mwanangu, hakuwa ameweka kitu tumboni tangu jana asubuhi. Nilikuwa naona midomo yake imepasuka. Alikuwa anapika chakula yote ya maisha yake, na njaa yake mwenyewe ndiyo kuni.

Twalib alikuwa na chupa yake ya maji, ameshapimwa, alikuwa na haki ya kunywa. Niliona ameishusha chini ya kiti, akageuka upande wa ukuta. Sijawahi kumwambia niliona. Akisoma hapa atajua.

Kochi akachungulia mkebe, akanivuta mkono. Nikapanda mizani tena nyuma ya taulo, Susu amefunika macho na leso. Namba ikacheza juu, ikacheza chini, ikakaa.

Sitini na moja.

Ule mlio wa ukumbi sijausikia tena popote. Mabati yalitetemeka. Kochi Mutinda, mtu wa maneno machache, alisema maneno mengi na hakuna moja lilieleweka. Susu akaletewa maji, akaninywesha mimi kwanza, pole pole vile daktari alisema, kisha akanywa yeye. Halafu akanigeukia, akakusanya mdomo vizuri, akanitemea kifuani mbele ya kaunti nzima. Hiyo ndiyo baraka ya pekee duniani imewahi kungojea mizani.

Unataka kujua pambano liliendaje. Jumamosi nilipanda keji na moyo wa simba na miguu ya jana. Raundi ya kwanza nilimwangusha Twalib mara mbili, ukumbi wote ukasimama. Raundi ya pili miguu ikaanza kudai chapati zake. Ya tatu tulipigana kama watu wanaopendana sana, hakuna aliyerudi nyuma, na kengele ikatupata tumeshikana tukihema. Majaji wawili wakampa Twalib, mmoja akanipa mimi. Susu alitaka aonyeshwe huyo mmoja ni nani, amletee kuku.

Nilishindwa nyumbani. Sikuficha pale mbele ya watu na sitaficha hapa. Mizani ilinisamehe lakini mwili uliandika. Tangu hapo nimepigana mengi na nimeshinda mengi, na hakuna hata moja nimeingia na miguu ya jana. Kwa sababu sasa nikifika Kanyangi, kabla sijashuka pikipiki, kabla ya habari yako, Susu anasimama mlangoni na kuuliza, "Mizani ni lini?" Nikimwambia imepita, jogoo anakufa. Nikimwambia wiki ijayo, ananiletea maji ya moto na kuketi na mimi, na yeye pia anakunywa maji ya moto. Siku hizi hata akina mama wa kanisa wanauliza. Hata mnunuzi wa ndengu.

Sasa nasaha yenyewe, mwanangu, usije ukasema nilikufurahisha tu. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi naongeza, mficha kilo mizani humuumbua. Kazi yako yoyote, iwe ngumi, iwe masomo, iwe kuacha pombe, iko na kitu inakukataza. Usikae ukiogopa kuwakosea wanaokupenda mpaka uwaache wakuangushe na mikono yao mizuri. Waambie mapema, waambie wazi, waambie mdomo ukiwa bado hauna nyama. Atakayekasirika atakasirika kidogo. Na yule wa kweli atamwaga chai yake jivuni.

Basi sogea hapa. Karibu zaidi, usiogope, nimepiga mswaki. Mungu akupe kazi inayokutoa jasho na watu wa kukuuliza siku yake. Njaa yako isiwahi kukaa peke yake. Mkono unaokulisha ujue pia kukungojea, na siku utashuka kwa mizani yako, ukute sufuria iko motoni na mwenye kuipika bado yuko hai. Ptu. Ptu. Hayo ya kifuani usipanguse mpaka yakauke.